Je, maadili yanamhitaji Mungu mwema kabisa? Misimamo minne, mfano mmoja

Mtu anapouliza kama maadili yanaweza kuwepo bila Mungu aliye mwema kabisa, mara nyingi huwa amefunga maswali manne katika furushi moja. Je, asiyeamini anaweza kuwa mtu mwema? Je, anaweza kujua jema na baya? Je, ana sababu ya kutosha ya kutenda jema hata likimgharimu? Na je, jema lenyewe limesimama juu ya nini? Maswali mawili ya kwanza hayana ubishi mkubwa. Wanafalsafa waumini na wasioamini, karibu wote, hujibu ndiyo. Ugomvi wa kweli uko kwenye swali la nne, na kwa kiasi fulani la tatu. Ukiyachanganya utatumia saa nzima kumpinga mtu kwa jambo ambalo hakulisema.

Maadili yanayozungumziwa hapa ni yale yasiyotegemea maoni, yaani: kauli kama "kumtesa mtoto kwa kujifurahisha ni uovu" ni kweli, na ingebaki kweli hata kama dunia nzima ingeshawishiwa vinginevyo. Si ladha, si kura, si desturi.

Msisahau kwamba ramani ya wanaobishana haigawanyiki katika waumini upande huu na wasioamini upande ule. Katika uchunguzi wa PhilPapers wa mwaka 2020 uliowahoji wanafalsafa, takriban asilimia 62 waliegemea upande wa kuwepo kwa kweli za kimaadili, na takriban asilimia 67 waliegemea upande wa kutokuwepo kwa Mungu. Maana yake wako wengi wanaoshika yote mawili kwa pamoja. Kwa upande mwingine, miongoni mwa waliobobea katika falsafa ya dini, walio wengi wanamwamini Mungu. Takwimu hizi hazimpi yeyote ushindi, lakini zinatosha kumnyamazisha anayedai kwamba jibu liko wazi.

Vigezo

Kila msimamo hapa chini umeulizwa mambo manne. Chanzo: nini kinaifanya kauli ya maadili iwe kweli? Nguvu: kwa nini kauli hiyo inanibana mimi hata nisipotaka? Njia ya kujua: tunaifikiaje? Na gharama: ni jambo gani gumu unalolazimika kulikubali ukiushika msimamo huo?

Mfano wa kupimia ni mmoja. Mtu ameachiwa amana ya fedha na mwenzake. Hakuna hati, hakuna shahidi. Mwenye amana anafariki ghafla, na warithi hawajui chochote. Aliyebaki na fedha ana shida nazo kweli. Karibu kila msomaji atasema azirudishe kwa warithi. Mfano huu unafaa kwa sababu umeondoa hofu ya mahakama, aibu mbele ya watu na tamaa ya kusifiwa. Kinachobaki ni wajibu mtupu, na ndio tunaoutafutia msingi.

Msimamo wa kwanza: msingi ni Mungu

Kuna namna mbili za kuusema, na anayezichanganya huanguka mapema. Namna ya kwanza inaweka uzito kwenye amri. Tendo ni wajibu kwa kuwa Mungu ameliamuru, ni haramu kwa kuwa amelikataza. Katika teolojia ya Kiislamu (ilmul-kalam) msimamo huu ulitetewa na Ashaira, wafuasi wa Abul-Hasan al-Ashari wa karne ya 10; Ulaya huhusishwa na William wa Ockham wa karne ya 14. Namna ya pili inaweka uzito kwenye asili ya Mungu: wema ndio yeye mwenyewe alivyo, na amri zake hutokana na asili hiyo.

Namna ya kwanza inakutana na swali la zamani ambalo Plato alimpa Socrates amuulize Euthyphro: je, jambo ni la kicho kwa sababu miungu inalipenda, au miungu inalipenda kwa sababu ni la kicho? Ukilileta kwenye amri, linauma hivi. Ikiwa ukatili ungekuwa wajibu pindi tu ungeamriwa, basi kusema "Mungu ni mwema" ni kusema "Mungu hufanya anachotaka". Na ikiwa Mungu asingeweza kuuamuru kwa sababu ni mbaya, basi ubaya ulikuwepo kabla ya amri.

Hapa ndipo maneno "mwema kabisa" yanapoanza kufanya kazi. Robert Adams, mwaka 1999, alipendekeza kwamba wema ni kufanana na Mungu, na wajibu ni amri za Mungu mwenye upendo. Mtoa amri mwenye nguvu tupu hatoshi. Dikteta wa ulimwengu asingeunda wajibu wowote. William Alston alitetea wazo linalokaribiana na hilo kwa mfano wa mita. Kuanzia 1889 hadi 1960 mita ilikuwa urefu wa fimbo moja ya platini na iridi iliyotunzwa Sèvres, karibu na Paris. Vitu vingine vyote vilikuwa na mita moja kwa kulingana nayo, na hapakuwa na maana ya kuuliza fimbo yenyewe imelinganishwa na nini. Vivyo hivyo, asema, Mungu ndiye kipimo.

Mfano ni mzuri lakini una tundu. Fimbo yoyote ingeweza kuteuliwa, wakati hakuna muumini anayesema kwamba tabia yoyote ingeweza kuwa wema kama ingekuwa ya Mungu. (Na tangu 1960 mita haipimwi tena kwa fimbo, na tangu 1983 inapimwa kwa mwendo wa mwanga, jambo ambalo wapinzani hulikumbusha kwa furaha.) Kwa hiyo swali linapanda ngazi moja: je, huruma ni njema kwa sababu Mungu anayo, au ukamilifu wa Mungu unahesabiwa hivyo kwa sababu ana huruma? Mtetezi hujibu kwamba kila maelezo hufika mahali yakasimama, na ni afadhali kusimama kwenye Nafsi hai kuliko kwenye kauli isiyo na mwenyewe. Hiyo si hila. Wapinzani nao watasimama mahali, kama tutakavyoona.

Kwenye nguvu, msimamo huu hauna mpinzani wa karibu. Tunapozoea kusema "una wajibu", kwa kawaida kuna wa kuwajibika kwake. Elizabeth Anscombe, Mkatoliki, alidai mwaka 1958 kwamba lugha ya "lazima" ya kimaadili ni mabaki ya enzi iliyokuwa na Mtoa Sheria, na ikibaki peke yake inaning'inia hewani. Kwenye amana yetu, deni halikufa na mwenye fedha. Bado kuna anayedai. Ila tahadhari: hoja ya "Mungu anakuona" ni hoja ya hamasa, si ya msingi. Kuonwa hakuufanyi wizi uwe mbaya. Wahubiri wengi huishia hapo wakidhani wamelijibu swali la nne, kumbe wamejibu la tatu.

Njia ya kujua ni ufunuo, dhamiri na akili. Ugumu ni kwamba ufunuo unaodaiwa ni zaidi ya mmoja, na hata ndani ya mmoja kuna tafsiri. Wapinzani huongeza kwamba ili umtambue msemaji kuwa ni Mungu mwema na si mwongo mwenye nguvu, lazima uwe tayari unajua wema kiasi fulani. Ni kweli, lakini haivunji msimamo: kinachotangulia katika kujua si lazima kitangulie katika kuwepo.

Unamfaa anayeona kwamba uovu si kosa la hesabu bali ni kumkosea fulani, na ambaye tayari ana sababu nyingine za kuamini Mungu yupo. Haumfai anayetaka kuanza na maadili ili amthibitishie mwenzake asiyeamini, tutarudi hapo.

Msimamo wa pili: kweli zinazojitegemea

Hapa chanzo ni kweli za msingi zisizo na chini yake kitu. Kumsaliti aliyekuamini ni kubaya, basi. Hakuna anayelifanya liwe hivyo, kama ambavyo hakuna anayefanya 2 na 3 ziwe 5. G. E. Moore aliuweka mezani mwaka 1903, na katika miaka ya karibuni umetetewa na David Enoch (2011) na Erik Wielenberg (2014).

Usidhani ni msimamo wa wasioamini peke yao. Muutazila, kundi la wanateolojia wa Kiislamu waliopingana na Ashaira, walishikilia kwamba matendo yana wema na ubaya ndani yake, kwamba akili inaweza kuutambua kabla ya ufunuo, na kwamba Mungu huamuru jema kwa sababu ni jema. Walikuwa waumini wa dhati. Hata neno uadilifu wa Mungu lilikuwa nguzo yao. Kwao, kusema Mungu ni mwema kuna maana kwa sababu wema hautegemei amri. Muumini anayeogopa kwamba msimamo huu utampeleka nje ya dini basi ana watangulizi wa kusoma.

Nguvu yake: sababu ya kurudisha amana ni sababu tayari, haihitaji mtu wa kuisukuma. Wengine wanaridhika na hilo. Wengine wanaona kuna pengo, kwa kuwa kweli tupu haidai, haiulizi, haisikitiki ukiikiuka. Ninaona pengo hilo ni la haki kutajwa, ingawa halitoshi kuuangusha msimamo. "Ni baya" na "kuna anayenidai" ni mambo mawili, na la kwanza linaweza kuwa kweli bila la pili.

Njia ya kujua ndipo panapouma zaidi. Sharon Street aliuliza hivi mwaka 2006: hisia zetu za kimaadili zimechongwa na mageuzi ya viumbe, na mageuzi hutafuta kuishi na kuzaa, si ukweli. Ikiwa kweli hizi zipo kivyake, ni bahati ya ajabu kwamba hisia zetu zimeangukia juu yake. Jibu la Wielenberg ni la kiufundi lakini linafuatika. Chukua imani kwamba una haki fulani. Ili uweze kuamini hivyo, unahitaji uwezo wa kufikiri na kujitambua. Uwezo huohuo ndio unaokupa haki hizo. Kwa hiyo popote imani hiyo inapozuka, haki ipo tayari. Kitu kimoja kimezaa vyote viwili, na bahati inapungua. Street angesema umetumia kweli ya kimaadili kuthibitisha kweli za kimaadili. Ubishi umekaa hapo.

Gharama nyingine ilitajwa na J. L. Mackie mwaka 1977: kweli za namna hii ni vitu vya ajabu, tofauti na vyote vinavyojulikana na sayansi. Na kuna fundo dogo ambalo wanafunzi huliruka. Haiwezekani matendo mawili yalingane kwa kila kitu, kisha moja liwe jema na jingine baya. Kwa nini haiwezekani? Ikiwa wema ni kitu tofauti kabisa na maumbile ya tendo, nini kinavifunga pamoja? Asiyekuwa na jibu anasema ufungamano huo nao ni kweli ya msingi. Hapo naye amesimama, kama yule wa fimbo.

Msimamo wa tatu: maumbile ya binadamu

Chanzo ni namna binadamu alivyo na kinachomfanya astawi. Aristotle ndiye babu yake. Philippa Foot aliuhuisha mwaka 2001. Binadamu hawezi kuishi vizuri bila kuaminiana, kwa hiyo anayekula amana ana kasoro kama binadamu, si kama mlipakodi au jirani tu.

Kwenye njia ya kujua, huu ndio wenye nafuu kubwa kuliko yote: unachunguza maisha, madhara, uhusiano, afya ya akili na mwili. Hauhitaji jicho la ndani.

Kwenye nguvu ni dhaifu. Mla amana anaweza kusema, "Sawa, nina kasoro, na gari jipya." Foot hujibu kwamba kutojali sababu njema nako ni kasoro ya akili tendaji, lakini jibu hilo linamridhisha zaidi aliye mwaminifu kuliko mwizi. Kisha kuna onyo la mwanafalsafa David Hume la 1740: kutoka "ndivyo ilivyo" hadi "ndivyo inavyopasa" kuna hatua, na hatua hiyo lazima ielezwe. Moore aliongeza kwamba ukitaja sifa yoyote ya kimaumbile, bado unaweza kuuliza kwa maana kamili, "je, hiyo ni njema?" Watetezi wa kisasa, Richard Boyd akiwa mmoja wao, hujibu kwamba mtu angeweza pia kuuliza kama maji ni H₂O kabla ya kemia, na bado maji ni H₂O. Swali kubaki wazi kichwani hakuthibitishi kwamba vitu ni viwili.

Kasoro ngumu zaidi ni ya uteuzi. Maumbile yetu yana huruma, na yana upendeleo wa ndugu, husuda na ukatili kwa wageni. Ukichagua huruma na kuacha ukatili, umetumia kipimo gani kuchagua? Thomas Aquinas alikuwa na jibu, kwamba maumbile yana lengo lililowekwa na Muumba na akili hulisoma lengo hilo. Ukimwondoa Muumba, kazi ya kulitetea lengo hilo inakuangukia wewe. Hugo Grotius aliandika mwaka 1625 kwamba sheria ya asili ingekuwa na uhalali kiasi fulani hata kama tungekubali, jambo aliloliita ovu kulikubali, kwamba Mungu hayupo. Alikuwa muumini, na hakuwa anabomoa. Alikuwa anatafuta ardhi ambayo mataifa yenye madhehebu hasimu yangeweza kusimama pamoja.

Msimamo wa nne: akili ya mtendaji

Immanuel Kant, 1785: wajibu hautoki mbinguni wala kwenye maumbile, unatoka kwenye akili yenyewe inapojiuliza kama kanuni yake inaweza kuwa sheria ya wote. Mfano wa amana isiyo na hati, ambayo mwenyewe amekufa, ni wake. Aliutoa mwaka 1788. Hatua zake ni tatu. Andika kanuni yako: "nitaikana amana pale isipoweza kuthibitishwa." Ifanye sheria ya kila mtu. Tazama kama bado inatendeka. Kant anasema haitendeki, kwa kuwa hakuna ambaye angeweka tena amana, na kanuni ingejiua.

Hegel aliuliza swali la kuudhi: na kama amana zisingekuwepo, ukinzani uko wapi? Ukitaka ukinzani, lazima kwanza useme amana ni jambo zuri. Warithi wa Kant, kama Christine Korsgaard (1996), wamehamisha uzito kutoka kwenye ukinzani wa kanuni kwenda kwenye utu: anayechagua lolote tayari anauthamini uwezo wake wa kuchagua, na hawezi bila ubaguzi wa kijinga kuudharau uwezo huohuo kwa mwingine.

Nguvu ni kubwa ikifaulu, kwa sababu huwezi kuikimbia akili yako bila kuitumia. Njia ya kujua ni kufikiri. Gharama ni kwamba maadili haya hayategemei maoni ya yeyote, lakini yanategemea kuwepo kwa viumbe wenye akili. Anayetaka kweli zilizokuwepo kabla ya kiumbe yeyote hatazipata hapa. Na Mungu hakutupwa nje: Kant alimrudisha kama sharti la matumaini kwamba wema na furaha vitakutana. Hakumfanya chanzo cha wajibu.

Mlango wa kutokea

Mackie alifikiri kauli zote za maadili zinadai jambo lisilokuwepo, hivyo zote ni za uongo. Ni msimamo halali, ila asiutaje mtu kwa wepesi: anayeushika hawezi tena kusema kwamba Mungu wa dini fulani amefanya uovu, maana neno hilo amelifuta. Wengi huutumia asubuhi na kuusahau jioni.

Uchague upi, kwa hali yako

Ukiwa muumini na unataka msingi unaolingana na imani yako, una milango mitatu: asili ya Mungu, njia ya Muutazila, au sheria ya asili ya Aquinas. Namna ya amri tupu ndiyo iliyo wazi zaidi kwa swali la Euthyphro. Ukiichagua, jiandae kusema kwamba ukatili ungekuwa wajibu kama ungeamriwa, au eleza kwa nini hapana.

Ukiwa huamini, na ubaya wa mateso unauona wazi kuliko nadharia yoyote, msimamo wa pili utakukalia vizuri, mradi uwe tayari kusema "hii ni kweli ya msingi" bila aibu. Ukitaka maadili yaongee na sayansi, anza na wa tatu, na andika mapema kipimo chako cha kuteua sehemu za maumbile. Ukihusika na sheria, mikataba au haki za watu wa imani tofauti, wa nne hukupa lugha ambayo upande wa pili hauwezi kuikataa kwa kutaja kitabu chake tu.

Ukiwa unajiandaa kwa mdahalo, hoja utakayokutana nayo sana ni hii, maarufu kupitia William Lane Craig: bila Mungu hakuna maadili yasiyotegemea maoni, maadili hayo yapo, kwa hiyo Mungu yupo. Umbo lake halina kosa. Ubishi uko kwenye dai la kwanza, na misimamo mitatu kati ya minne hapo juu inalikataa. Anayelileta lazima aonyeshe kwamba yote mitatu imeshindwa, si kwamba wa kwake unawezekana. Anayelipinga naye asidhani kwamba swali la Euthyphro pekee linamaliza kazi, maana halimgusi sana anayetaja asili ya Mungu. Kuna mtego mwingine pia: kwa muumini anayesema Mungu hawezi kutokuwepo, maneno "kama Mungu asingekuwepo" ni sawa na "kama 2 na 3 zisingekuwa 5", na kutoka hapo lolote linaweza kudaiwa. Muulize anamaanisha nini kabla hujajibu.

Na ikiwa imani yako inayumba na unaogopa kwamba ikianguka itaanguka na dhamiri yako, usianze na nadharia. Chukua ile amana. Jiulize kama, ukiacha kuamini kesho, ungeona warithi hawana tena haki ya fedha zile. Jibu lako likiwa "bado wana haki", umeshajua kwamba unaiamini haki hiyo kwa uthabiti kuliko maelezo yoyote ya chanzo chake, na unaweza kuyatafuta maelezo hayo bila haraka huku fedha zikiwa zimesharudishwa.